Chai ya Mau Narok Humngoja wa Mwisho

"Anko, Jumamosi baba hatakuja." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa kwa simu na binti wa mwenzangu mmoja wa baiskeli, Alhamisi moja asubuhi, nikiwa nimesimama sokoni nikichagua nyanya. Kwa kuwa binti huyo alikuwa amenipigia mara kadhaa mwaka huu kunieleza habari za magoti ya babake, nilimjibu kwa wepesi kwamba haidhuru, apumzike, atakuja Jumamosi nyingine. Kilio chake ndicho kilichoniambia ukweli. Muuza nyanya aliniuliza kama bado nazitaka. Sikumbuki nilimjibu nini, ila nilifika nyumbani mikono mitupu, na mke wangu hakuuliza nyanya ziko wapi, maana alikwisha kuiona sura yangu.

Wasomaji wa safu hii wanamjua kidogo marehemu, ingawa sikuwahi kumtaja kwa jina wala leo sitamtaja. Mwenyewe alisema jina lake likionekana gazetini majirani watadhani ameiba. Ndiye yule dereva wa lori mstaafu wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, niliyewahi kueleza hapa jinsi alivyobishana na askari wa trafiki kuhusu kengele ya baiskeli. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha lori, akishusha viazi kutoka Kuresoi na ngano kutoka Mau Narok, na mwili wake ulikuwa na umbo la kazi hiyo: mabega mapana, tumbo lililozoea usukani, na miguu myembamba ambayo, kwa maneno yake, haikuwahi kuulizwa maoni. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa au wakawa wazee wa kanisa. Yeye alinunua baiskeli.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilimjua kwa Jumamosi tu, katika kikundi chetu cha waendesha baiskeli wa kujifurahisha, watu ambao hutoka Nakuru kabla jua halijapanda, wakapita Njoro, wakakipanda kile kilima kirefu hadi Mau Narok, wakanywa chai, wakarudi nyumbani wakiwa hawana nguvu hata ya kuvua viatu. Alipojiunga nasi alikuwa amekwisha kupita umri ambao watu wetu humtarajia mtu aketi. Mtaani walimcheka waziwazi. Mzee mwenye wajukuu, amevaa kaptula ya kubana na kofia ngumu ya rangi ya machungwa, anapita mbele ya duka saa za watu kununua mkate! Yeye aliwapungia mkono kama mbunge. Siku ya kwanza tulipoanza kukipanda kilima, nilimuuliza kama anaijua njia. Akaniambia, "Hii kilima nimepanda mara mingi sana, boss, lakini nikiwa nimekaa. Leo wacha tujuane." Hakuongea tena mpaka juu. Alifika wa mwisho, na tangu siku hiyo nafasi hiyo ikawa yake. Mimi, niliyekuwa wa pili kwa umri, nilizoea kusikia pumzi zake nyuma yangu, nzito na za polepole, na wakati mwingine zikichanganyika na matusi madogo aliyoielekezea gia.

Sharti nieleze habari ya chai, maana bila hiyo mzee huyu hawezi kueleweka. Kule juu tuna hoteli yetu, chumba cha mbao chenye meza mbili, na mwenyewe ni mama asiyependa mchezo. Ana jiko moja tu. Akishaipua chai huweka maharagwe ya mchana, na maharagwe yakishakaa hayaondoki mpaka yaive. Mara ya kwanza tulipofika pale kwa mafungu, wa mbele wakitaka chai sasa hivi na wa nyuma wakiwa bado kwenye kona, mama alitutazama na kaptula zetu akasema, "Mimi sipiki chai mara mbili juu ya watu wanajichosha kwa kupenda. Mkitimia mniambie." Akavifunika vikombe juu ya meza, midomo chini, akarudi kwa mboga zake. Basi tukangoja. Na wiki iliyofuata tukangoja tena, na hatimaye ikawa ndiyo sheria yetu pekee: vikombe havifunuliwi mpaka wa mwisho aingie. Hakuna aliyeitunga kwa hekima yoyote. Ilizaliwa na jiko moja.

Ni rahisi kulisifu jambo hilo ukiwa umeketi sebuleni. Mau Narok, jasho likianza kukukaukia mgongoni na ukungu ukiingia mlangoni bila hodi, kumngoja mtu ni kazi. Unaipata harufu ya chai inayotokota. Unapuliza vidole. Unahesabu mandazi yaliyo kwenye sahani na kujiuliza kama kuna atakayejua moja likipotea. Nami nakiri kwamba zipo asubuhi nilizomlaani kimoyomoyo mzee yule na miguu yake, kisha akaingia mlangoni uso umemwiva, ameinua mkono kama aliyeshinda mbio, na hasira zikaniishia bila mimi kuziruhusu.

Ulipokuja mwaka ule wa korona, kikundi kilivimba. Watu waliokatazwa kila kitu waligundua baiskeli, na tukawa wengi hata magari yakatupigia honi kuanzia mjini hadi Njoro. Kisha dunia ikafunguliwa na watu wakapungua mmoja mmoja. Hawakuaga. Siku hizi kuingia katika kikundi ni kubonyeza simu, na kutoka ni kubonyeza simu, na katikati ya hapo kuna yale maneno yetu tuliyoyazoea: nitajaribu, Mungu akipenda, niko njiani. Anayesema hili la mwisho ndiye mwenye makosa makubwa zaidi, kwa sababu mara nyingi yuko bafuni. Mzee hakuandika lolote kwenye kikundi cha simu. Sidhani alijua kuandika mle, na hakutaka kufundishwa. Wewe ulifika tu kwenye kituo cha mafuta tunapokutana, ukamkuta chini ya taa, amekaa juu ya tofali, anakula ndizi. Mvua ikinyesha ulimkuta chini ya paa la pampu, anakula ndizi ileile. Nimefanya kazi katika ofisi kadhaa na kukaa katika kamati zisizo na idadi, na sijaona mtu mwingine ambaye kuja kwake hakukuhitaji kuulizwa.

Miongoni mwa wale wachache waliobaki baada ya korona alikuwamo kijana mmoja wa hapa mjini ambaye nitamwita kijana wa saa, kwa kuwa mkononi alivaa saa iliyopima mwendo wake, moyo wake, na nadhani hata mawazo yake. Alikuwa mwendeshaji hodari na si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Lakini alikuwa akijiandaa kwa mashindano, na kule kukaa na kupoa kulimharibia hesabu za saa. Jioni moja aliandika kwenye kikundi kwamba mambo yabadilike: kila mtu aende kwa mwendo wake, na anayefika juu anywe chai yake ateremke, kwani pale senta kuna hoteli nyingine ambazo jiko si moja. Wengi waliweka alama ya kidole gumba. Mmoja akaongeza kwamba hata kwa mzee itakuwa nafuu, asijione anaharakishwa. Mimi nilimpigia simu mzee nikamsomea, kwa sababu nilijua hatasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akakata simu. Nikadhani ndiyo tumempoteza.

Jumamosi hiyo hakuwapo chini ya taa. Tulingoja kidogo, tukatazamana, tukaondoka, na nakumbuka njia yote hadi Njoro sikuwa na raha, kama mtu aliyeacha kitu nyumbani na hajui ni nini. Kilima kilipoanza kila mtu akashika hamsini zake kama ilivyokuwa imeamuliwa. Katikati ya mashamba ya ngano tulimpita kijana wa saa. Alikuwa ameongoza mpaka hapo, sasa ameinamisha baiskeli kando ya lami, gurudumu la nyuma limepata pancha. Tulimuuliza kama yuko sawa, kila mmoja kwa zamu yake, bila kushuka. Akatupungia twende, atatufikia. Wala hakuwa na tyubu ya akiba, kwa sababu tyubu ya akiba ina uzito, lakini hilo tulilijua baadaye. Kisha mvua ikaanza.

Tulipoingia hotelini tulimkuta mzee ameketi mahali pake karibu na jiko. Alikuwa ametoka Rhonda peke yake, gizani, watu wakiwa bado wamelala, ili miguu yake ipate muda iliouhitaji, na kwa kuogopa kuchelewa alikuwa amezidisha mapema. Mbele yake vikombe vilikuwa vimefunikwa vyote, pamoja na chake. Vijana wakachangamka, wakamwambia mathe amimine, kila mtu na chake, si ndiyo sheria mpya. Mama akamtazama mzee. Mzee akasema yeye ndiye aliyefika wa kwanza na bado hajanywa, kwa hiyo anayetaka kunywa kabla yake aanze tu. Hakuinua sauti. Mnajua jinsi tulivyolelewa huku kwetu. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Tukakaa. Mvua ikapiga mabati hata hatukuweza kuongea. Nilimsogelea sikioni nikamwambia kwamba watu watapata homa ya mapafu kwa ajili ya ukaidi wake, naye akajibu kwamba kuna mtu yuko nje kwenye mvua hiyohiyo.

Kijana wa saa aliingia wakati ambao mimi binafsi nilikuwa nimeacha kuvihisi vidole vya miguu. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amemsaidia kuziba pancha kwa kiraka. Alikuwa amelowa chapachapa na matope yamempanda hadi kifuani, na kwa namna alivyosimama mlangoni nilijua hakutarajia kumkuta mtu. Aliangalia meza. Akauliza kwa nini hatujanywa. Mzee akasogea kidogo kwenye benchi, akagonga ubao kwa kiganja.

"Boss, kaa tukunywe. Njaa inaniuma."

Ningependa kuwaambia kwamba kijana alishukuru, akakumbatiana na mzee, wakawa baba na mwana. Hakufanya hivyo. Alikunywa nusu kikombe akiwa ameinama, akasema ana haraka, akateremka peke yake, na kwa wiki kadhaa hatukumwona. Aibu ni kitu kinachochukua muda wake. Aliporudi, alirudi kimyakimya, akakaa kwenye benchi akapuliza vidole kama sisi wengine, na ile sheria mpya haikutajwa tena na mtu yeyote. Aliyeweka kidole gumba na aliyeitunga wote wakawa kama hawajawahi kuisikia.

Siku ile ya pancha, tukiteremka, mzee alitaka tusimame Njoro apumzishe mikono, kwani breki za kuteremka zilimchosha kuliko kupanda. Nikamtania kwamba siku hizi amekuwa mtakatifu, anamngojea hata mtu aliyetaka asingojwe. Alicheka hata akakohoa. Akaniambia, "Wewe unafikiri nimefanya hivyo juu ya huyo kijana? Wakikunywa leo bila yeye, wiki ijayo watakunywa bila mimi. Na kama ni chai ya kukunywa peke yangu, si nikunywe tu Rhonda?" Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake, kwamba miaka yote ya lori alikula peke yake, kwenye hoteli za barabarani, macho dirishani akilinda mzigo, na kwamba chai ile ya Mau Narok ndiyo ya kwanza maishani mwake ambayo watu walimngoja aje ndipo inywewe. Alisema hivyo akiitazama breki, si mimi. Nikamnunulia ndizi.

Baada ya hapo hakuacha kutoka mapema. Kadiri magoti yalivyoharibika ndivyo alivyotoka usiku zaidi. Siku chache alitutangulia kufika. Siku nyingi tulimpita kwenye kona za mwisho, na nikazisikia tena pumzi zake nyuma yangu mpaka mlangoni. Hapo ndipo bintiye alipoanza kunipigia simu. Alitaka nimwambie babake aache, kwa kuwa ananisikiliza. Nilimwambia binti kweli tupu, kwamba babake hamsikilizi mtu, ila nitajaribu. Nilipolianzisha jambo hilo, mzee aliniuliza kama binti amenituma. Nikasema ndiyo. Akasema nimrudishie salamu.

Mara ya mwisho kumwona kule juu alikuja kwa bodaboda. Tulikuwa tumekwisha kuketi, tukajua hatakuja, na bado hakuna aliyevigusa vikombe, mara pikipiki ikasimama nje akashuka taratibu, kofia yake ya machungwa kichwani na kaptula yake ya kubana, kamili kana kwamba baiskeli imeegeshwa mahali fulani. Tulicheka mpaka mama wa hoteli akatoka jikoni kuona. Kijana wa saa, ambaye sasa alikuwa akitaniana naye, alimwambia, "Buda, hiyo ni kucheat." Mzee akaketi, akashusha pumzi, akatuambia kwamba kwa lori alipanda akiwa amekaa, na kwa boda amepanda akiwa amekaa, lakini hapo katikati alijaribu. Alikunywa vikombe viwili vyenye sukari ambayo daktari wake asingependa kuiona.

Tulimzika Kuresoi, kwenye shamba la ukoo, ardhi ikiwa laini kwa mvua. Wasemaji walilisifu lori na nidhamu yake barabarani, na baiskeli ikatajwa kwa sentensi moja, katikati ya tabasamu, kama watu wanavyotaja michezo ya utotoni. Sikuwalaumu. Sisi tunaambiana kwamba uzee ni kuheshimiwa, na tunampa mzee kiti cha mbele na soda ya kwanza, kisha mazungumzo yanaendelea bila yeye. Mzee huyu alikuwa na viti vya namna hiyo vya kumtosha. Alichokitaka ni mahali ambapo asipofika, jambo halianzi. Akaamka gizani Jumamosi baada ya Jumamosi kupalinda mahali hapo, kwa magoti yaliyokwisha kumkataa.

Jumamosi iliyofuata mazishi tulipanda kilima kama kawaida, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mwenzangu mwenye akili angeligundua zamani. Miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa mwendo wa kati. Kumbe nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho akiwa ameondoka, nafasi ilikuwa yangu. Migongo ya wenzangu ilipungua, ikawa midogo, ikaingia kwenye ukungu. Niligeuka kusikiliza, kwa mazoea tu. Nyuma yangu hapakuwa na pumzi. Nililia kidogo kwenye kona ile ya mashamba ya ngano, na sioni haya kuandika hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo wa kuniona. Kisha nikaanza kuogopa. Nilijiuliza kama kungojwa ilikuwa heshima yake yeye tu, na kama imezikwa naye. Nikafikiria kugeuza baiskeli na kusema goti limenivuta. Nilijua nikigeuza siku hiyo sitapanda tena.

Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani zote. Moshi ulitoka, na harufu ya chai ilinipokea kabla sijafika. Nilichungulia dirishani kwanza, kama mwizi. Vikombe vilikuwa vimefunikwa, midomo chini, kimoja mbele ya kila mtu na kimoja mbele ya nafasi tupu iliyo karibu na jiko. Wamekaa wamejikunja kwa baridi, na kijana wa saa anapuliza vidole. Nilipoingia alisogea kwenye benchi, akaugonga ubao kwa kiganja.

"Mzee," akaniambia, "kaa tukunywe. Njaa inatuuma."

Hakuna aliyewahi kuniita mzee pale juu. Neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Niliketi, mama akaja na sufuria, vikombe vikafunuliwa, tukanywa. Nimekuwa nikidhani kwamba kudumu katika jambo ni nguvu ya mtu binafsi, na nimewahi kuandika hivyo hapa, nikiwahimiza wazee wenzangu waamke, wajikaze, wasikubali kuketi. Nusu ya maneno yale nayaondoa. Mtu wa umri wetu hujikaza, ndiyo, lakini hujikaza vyema zaidi akijua kuna mahali kikombe chake bado kimefunikwa, na kazi ya kukiacha kimefunikwa ni ya wale wenye miguu mizuri na njaa kali. Hao nawashukuru leo kwa niaba ya marehemu. Nami kwa upande wangu, Jumamosi hii nitatoka nyumbani mapema kidogo, gizani, wala sitamwambia mtu.